UZI: Najenga kutoka sifuri manowari ya kubeba ndege ya Shirikisho ambalo halikuzaliwa (kipimo 1:200, Mtwara)

#1 Fundi_Shangani

Wakuu, salaam kutoka Shangani, Mtwara.

Ninaleta kazi niliyoianza miezi saba iliyopita. Ni modeli ya manowari ya kubeba ndege, kipimo 1:200, urefu sentimita 106. Hakuna boksi nililonunua wala vipande vilivyokuja tayari. Kila kitu nimekikata mwenyewe, kuanzia mkuku, yaani uti wa chini wa meli, hadi vidato vya ngazi. Meli inaitwa Ruvuma, ni mali ya Shirikisho la Afrika Mashariki, na makao yake ni bandari ya Mtwara. Shirikisho hilo halikuundwa, kwa hiyo na meli hiyo haikupata kuwapo. Lakini gamba lake, yaani mwili mtupu wa meli, lilikuwapo kwelikweli, na ndilo lililonitia hamu.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilianza kujenga kundi la manowari nyepesi za kubeba ndege, zilizochorwa makusudi ili hata viwanda vya meli za biashara viweze kuziunda. Sita za mwisho ziliitwa daraja la Majestic. Vita ikaisha kabla hazijakamilika. Tano zikapata pa kwenda: Hercules ikawa Vikrant ya India mwaka 1961, Powerful ikawa Bonaventure ya Kanada, Magnificent nayo ikaazimwa Kanada, Terrible na Majestic zikaenda Australia kwa majina ya Sydney na Melbourne. Ya sita, Leviathan, iliteremshwa majini Juni 1945, kazi ikasimamishwa mwaka uliofuata, ikabaki imefungwa kamba mpaka ilipokatwa kuwa chuma chakavu mwaka 1968. Zaidi ya miaka 20 inaelea, haijawahi kwenda popote kwa kazi yake.

Sasa rudini nyumbani. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini tamko la kuunda shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha, shirikisho hakuna. Januari 1964 askari wakaasi Tanganyika, na siku chache baadaye Uganda na Kenya. Asubuhi ya tarehe 25 Januari helikopta ziliruka kutoka manowari ya Kiingereza, Centaur, zikiwapeleka makomando kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, kwa ombi la serikali yetu wenyewe. Kila nikiisoma habari hiyo nasimama hapohapo. Manowari ya kubeba ndege imo ndani ya historia yetu, mwaka wa tatu tu wa uhuru, ila ilikuja na bendera ya watu wengine.

Hadithi yangu ni hii: tamko la Nairobi linatimia. Shirikisho linazaliwa Desemba 1963, maasi ya Januari yanalitikisa likiwa changa, na viongozi wanaapa kwamba hawataazima tena meli ya mtu. Gamba la Leviathan liko pale, halina mnunuzi. Wanalinunua, linakamilishwa kwa mfano wa Vikrant, lenye sitaha ya mshazari (njia ya kutulia ndege iliyopindishwa kuelekea kushoto) na manati ya mvuke ya kurushia ndege, na linaletwa Mtwara badala ya Mombasa, kwa sababu ng'ambo ya mto Ruvuma yuko Mreno na vita ya Msumbiji inaanza Septemba 1964.

Kwa nini bandari yetu itoshe? Gati la zamani la Mtwara lina mita 385 na kina kinachozidi mita 9. Meli hii ina urefu wa mita 212, upana wa mita 24 na ushei, na inazama majini mita 7 na nusu. Inaingia, na nafasi inabaki. Gati lenyewe lilifunguliwa mwaka 1954, wakati mpango wa karanga uliokuwa sababu ya kulijenga ulikuwa umeshakufa tangu 1951. Tulijengewa mlango mkubwa, mzigo haukuja. Tangu utoto nimelitazama gati lile nikijiuliza ni chombo gani kingelijaza.

Kanuni niliyojiwekea: nimebuni jambo moja tu, kwamba tamko lilitimia. Mengine yote lazima yafuate vipimo na mambo ya kweli. Mkiona mahali nimeikiuka kanuni hiyo, nikosoeni.

#2 KoroshoGhafi

Mkuu hongera sana. Nimezikuza picha mpaka simu imepata moto. Mimi niko Tandahimba na nina hamu ya kazi hizi tangu shule, ila sijui pa kuanzia. Huku hakuna duka la modeli. Mali unazitoa wapi? Fafanua tafadhali, usiruke kitu.

#3 Fundi_Shangani

Mkuu Korosho, hata Mtwara mjini hakuna duka hilo. Nikueleze kila kitu pamoja na pale nilipoharibu.

Michoro nimeichora mwenyewe kwa vipimo vinavyojulikana vya daraja la Majestic na picha nyingi za Vikrant na Melbourne, nikachapisha steshenari kwenye karatasi 4 za A4 na kuziunganisha. Kabla hujamlipa mchapishaji, pima kwa rula mstari unaoujua urefu wake. Printa yao ilipunguza karatasi kimyakimya, nikarudia zote.

Mkuku wa kwanza niliukata kwenye plaiwudi ya milimita 6. Masika yakaingia. Aprili ilipoisha mkuku ulikuwa umepinda milimita 4 katikati. Unaweza kuona ni kidogo, lakini kwa kipimo hiki hiyo ni sentimita 80 za meli halisi. Nikautupa. Nikaenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, akanipa kipande cha fremu kilichobaki, kimenyooka kama uzi wa timazi, na unyevu wetu haukifanyi kitu. Juu ya huo nikapanga mataruma 20, yaani mbavu za meli, sentimita 5 kutoka moja hadi lingine.

Ngozi ya meli ni bomba la PVC la inchi 4. Unalipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, unakata vipande vya sentimita 30, unavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. PVC hulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanatosha kabisa. Ukikitoa kipande kibane papo hapo kati ya mbao mbili, weka tofali juu, kipoe. Unapata bapa zuri la upana unaozidi sentimita 30. Nakuomba usilichome bomba kwa moto wa mkaa wala kwa kiberiti cha gesi: PVC ikiungua hutoa moshi wa tindikali unaokula mapafu. Na unapopiga msasa vaa barakoa. Mimi natumia ileile ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na naosha uso kabla ya kuivua.

Kisiwa, yaani lile jengo lililo juu ya sitaha upande wa kulia lenye dohani na mlingoti, nimekijenga kwa kadi za laini za simu. Ukinunua laini wakala anakubandulia kile kidude kidogo, kadi iliyobaki anaitupa. Kadi hizo zote zina unene mmoja, milimita 0.76, zinakatika safi kwa wembe, zinashika supa gluu. Mawakala watatu wa hapa mjini wananiwekea kwenye mfuko. Madirisha ya kwenye daraja la nahodha nimeyatoboa kwa sindano iliyopashwa moto, nikayanyoosha kwa tupa ndogo ya kucha.

Vitu vidogo: chelewa za fagio kwa milingoti na mabomba (zipake supa gluu mpaka inywe, zitakuwa ngumu kama waya na wadudu hawazili). Sindano za hospitali mpya, zisizotumika, kwa mitutu ya mizinga. Chandarua chakavu kwa nyavu za usalama pembeni mwa sitaha. Nailoni nyembamba ya mshipi kwa kamba na nyaya za kunasia ndege. Mianya naijaza kwa ile puti ya mafundi bodi wa magari.

Gharama kubwa kuliko zote ni msasa. Usinunue wa bei ya chini, unamwaga chenga na kuchora mistari ambayo utaiona tu baada ya rangi.

#4 Binti_Mikindani

Kaka Fundi, pole na kazi, na hongera. Mimi ni mtoto wa fundi majahazi. Nimemwonyesha baba picha zako za mifupa kabla hujaweka ngozi. Alikaa nazo kimya muda mrefu, ndipo akasema mambo mawili, nami nayaleta kama yalivyo.

La kwanza, unapima kila taruma peke yake kwa karatasi, na hilo halitoshi. Chukua ubao mwembamba unaopindika, ulaze juu ya mataruma yote kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uuache ulale wenyewe bila kuulazimisha. Ukiona mwanga kati ya ubao na taruma, hilo umelila sana, liongeze. Ukiona ubao unaruka, hilo limezidi, lipunguze. Anasema jicho linadanganywa na mchoro, ubao haudanganywi. Wazee wa hapa Mikindani wameunda vyombo vyao hivyo.

La pili, anauliza mbona umeichonga hanamu yake, yaani mlalo wa ubavu, kama ya jahazi? Kwenye picha ya meli ya kweli uliyoiweka pembeni sioni ubavu uliolala namna hiyo, naye haoni.

#5 Nahodha_Mstaafu

Nimesomewa huu uzi na mjukuu wangu, nami namwambia aandike. Nilifanya kazi baharini miaka mingi, meli za mizigo, si za vita, lakini chuma ni chuma.

Mzee wa Mikindani ana jicho. Kijana, mataruma yako ya katikati yamekaa kama herufi V. Jahazi linahitaji hivyo, kwa sababu linakwenda kwa tanga na lazima lishike maji lisisukumwe pembeni. Meli kubwa ya injini katikati yake ni sanduku: chini bapa, ubavu umesimama, pembe tu ndiyo imeviringwa. Umbo la kisu liko omo, na kule tezi linakonda kuzipisha rafadha, zile panga zinazoisukuma meli. Hii yako ina rafadha mbili na boila nne. Ukiibana tumbo utaziweka wapi? Badilisha mataruma ya katikati, kama 10 hivi. Yale ya mbele na nyuma yaache.

#6 Fundi_Shangani

Shikamoo Mzee. Dada, nifikishie shikamoo kwa baba pia, na shukrani kubwa.

Nilikuwa nimeshabandika ngozi upande mmoja. Nimeibandua yote jana usiku. Nimeukata ubao mwembamba kwenye mti ule mwepesi wanaochongea vinyago vya mapiko kule Newala, unapindika bila kelele. Niliulaza kama mzee alivyosema nikaona mwanga sehemu sita. Sehemu sita ambazo rula yangu iliniambia ziko sawa! Mataruma 10 ya katikati nayakata upya wiki hii.

#7 Mwalimu_Ligula

Nimevutiwa na uzi, na kwa kuwa mwenye uzi ameomba kukosolewa, nitaingia upande wa historia, kwa sababu hapo ndipo naona kanuni yake imevunjwa.

Ndugu, unasema umebuni jambo moja tu. Hesabu vizuri. Meli ya daraja hili yenye ndege za kivita inahitaji zaidi ya watu 1,000. Mwaka 1964 jeshi letu, Tanganyika Rifles, zima lilikuwa batalioni mbili, moja Colito na nyingine Tabora. Na maafisa wengi walikuwa bado Waingereza, jambo lililokuwa mojawapo ya sababu za maasi yenyewe. Unataka watu haohao, miezi michache baadaye, warushe ndege za jeti kwa manati na kuzinasa kwa waya usiku baharini. India iliinunua Hercules mwaka 1957 na kuipokea 1961, nayo ilikuwa na jeshi la majini lenye mizizi. Sisi jeshi la majini la pamoja la Afrika Mashariki lilikuwa limeshavunjwa mwaka 1962. Hilo ni jambo la pili umelibuni bila kutuambia: kwamba mabaharia wapo.

La tatu. Shirikisho lilikwama kwa sababu zinazojulikana, na kubwa ni kwamba Uganda haikuwa tayari kuachia madaraka mengi kwa serikali ya pamoja. Nyerere alikuwa radhi hata kuchelewesha uhuru wa Tanganyika, alilisema hilo mwaka 1960, ili nchi hizi zipate uhuru zikiwa moja. Wenzake hawakuwa na haraka hiyo. Sasa mwambie mtu wa Kampala, asiye na bahari, alipie jeti za kulinda mdomo wa Ruvuma. Utamshawishi kwa hoja gani?

Sikukatazi kujenga. Ila jiulize swali dogo. Hiyo meli inamfanyia nini mtu wa Newala, wa Nachingwea, wa Kilwa? Ukilijibu hilo kwa mambo ya kweli, nitaiamini.

#8 Lindi_Mtanda

Mwalimu, mbona unamkatisha tamaa mwenzio? Hii ni sanaa. Jeti zibaki! Sitaha bila jeti ni uwanja mtupu.

Halafu Kusini tuna hazina ya hadithi za namna hii. Hapa Lindi, Oktoba 1914, Waingereza wa manowari Chatham waliikuta meli ya Kijerumani Präsident na ndani yake nyaraka zilizoonyesha kwamba manowari yao Königsberg imejificha Rufiji. Na mwaka 1917 Wajerumani walituma puto kubwa la L59 kutoka Bulgaria lije na vifaa kwa kamanda wao huku, Lettow-Vorbeck, litue nyanda za Wamakonde. Liliitwa lirudi likiwa juu ya Sudani. Lilikaa hewani saa 95. Halikukusudiwa kurudi kwao: likifika, kitambaa chake kingekuwa mahema na nguo. Fundi, ukimaliza Ruvuma tujengee L59 imetua Newala.

#9 Fundi_Shangani

Ndugu wa Mtanda, L59 nimeipenda, ila ni uzi wake. Urefu wake nimeutafuta, unazidi mita 220. Kwa 1:200 ni kubwa kuliko manowari yangu.

Mwalimu, nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliumia, siwezi kuficha, kwa sababu sitaha ya mshazari ilikuwa imeshakamilika na ndiyo niliyojivunia kuliko yote. Niliipinda digrii 5 na nusu kama ya Melbourne, nikaitokeza nje upande wa kushoto kwa mbavu 7 za kadi za simu. Lakini una haki. Nimebuni mabaharia bila kusema. Nipe muda.

#10 Nahodha_Mstaafu

Mjukuu, andika. Mwalimu amesema kweli, lakini dawa iko kwenye familia ya meli yenyewe. Tazameni Sydney, ndugu yake Leviathan. Haikuwekewa sitaha ya mshazari hata siku moja. Waaustralia walipoona gharama za jeti, mwaka 1962 waliigeuza meli ya kusafirisha askari, na kuanzia 1965 ikawa inawapeleka Vietnam na vifaa vyao. Watu wachache, injini ileile, tumbo lilelile. Na Waingereza wenyewe waligeuza Bulwark na Albion, ndugu zake Centaur, kuwa meli za helikopta na makomando. Kazi iliyofanyika Colito asubuhi ile haikuhitaji manati. Ilihitaji sitaha bapa na helikopta.

#11 Mwalimu_Ligula

Nahodha amenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Hapo nipo pamoja nanyi.

#12 Fundi_Shangani

Wakuu, wiki tano. Samahani kwa ukimya, msimu wa korosho ulinishika shambani.

Nimeikata sitaha ya mshazari. Nilichukua wembe wa msumeno wa chuma, nikaufunga kitambaa upande wa kushikia, nikakata taratibu usiku mmoja na nusu. Zile mbavu 7 nimezihifadhi kwenye kopo. Mtaro wa manati nimeujaza puti na kuusawazisha. Ruvuma sasa ina sitaha iliyonyooka kutoka omo hadi tezi kama ilivyochorwa mwanzo, na nikiri kwamba imependeza. Ule unyoofu una heshima yake.

Na hadithi imebadilika kwa sababu ya swali la Mwalimu. Sote wa Kusini tuliokwisha kuwa watu wazima tunakumbuka maisha kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Kuvuka Rufiji ilikuwa pantoni ya Ndundu. Mto ukifurika barabara inakufa, na Mtwara na Lindi zinabaki kama kisiwa. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Iliyobaki ni bahari. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema "nakwenda Dar" kwa sauti ya mtu anayekwenda ng'ambo.

Basi Ruvuma yangu ni meli ya Shirikisho ya askari, helikopta na mizigo. Hanga yake, ukumbi wa ndege ulio chini ya sitaha, ina urefu wa mita 135 na upana unaokaribia 16. Inapeleka batalioni Mombasa au Mtwara ikihitajika. Masika ikifika inasimama mbele ya delta ya Rufiji, helikopta zinatoa watu juu ya mapaa. Vita ya Msumbiji inapowasukuma wakimbizi kuvuka Ruvuma, inaleta chakula na madaktari Mtwara. Korosho zikiwa tayari inajaza hanga magunia. Mtu wa Kampala analipia kwa sababu askari waliomo ni wake pia, na kwa sababu Januari 1964 hata kwao Jinja waliasi. Mwalimu, ndivyo nilivyokujibu. Kama kuna tundu, litoboe.

Kazi yenyewe. Helikopta nimechagua Wessex, aina iliyoruka kutoka Centaur. Mapanga yake yana kipenyo cha mita 17, yaani sentimita 8 na nusu kwangu. Nimetengeneza 6. Mwili ni mti wa vinyago, mapanga ni kadi za simu zilizokwanguliwa mpaka zikawa nyembamba. Jambo moja ambalo wengi hulisahau: helikopta ikiwa imezimwa, mapanga yake huinama kwa uzito. Nayainamisha kwa mvuke wa birika, moja moja, kidole juu. Zilizo kwenye hanga zimekunjwa mapanga na mkia, kama mabaharia wanavyozikunja ziweze kuingia kwenye lifti.

Lifti mbili za meli hizi ziko katikati ya sitaha, mbele na nyuma. Ya nyuma nimeiacha chini ili hanga ionekane. Na humo ndani mna magunia ya korosho. Nilihangaika nayo siku nyingi, nikajaribu udongo, nikajaribu nta, hadi mke wangu, akichagua mchele, akaweka punje mbili juu ya meza yangu bila kusema neno. Punje ina milimita 6, sawa na mita 1.2. Gunia! Nimezipaka varnishi tabaka mbili dhidi ya fukusi, kisha rangi ya katani. Zipo 240.

Rangi: usitumie kijivu kilekile cha meli halisi. Kitu kidogo kikipakwa rangi ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko inavyopaswa, kwa kuwa hakuna hewa ya kutosha kati yake na jicho lako. Nimechanganya kijivu cha fundi rangi wa magari na nyeupe, sehemu 5 kwa 1. Chini ya mstari wa maji ni nyekundu iliyofifia.

#13 Lindi_Mtanda

Imekuwa nzuri, siwezi kubisha. Lakini bado nasema ungeacha hata jeti moja. Na jina lingekuwa Kilwa, Ruvuma ni mto, hauna manowari.

#14 Fundi_Shangani

Hapana, ndugu yangu. Jeti haina kazi kwenye meli hii. Na jina ni Ruvuma kwa sababu kwenye hadithi mto huo haukuwa ukuta. Watu walivuka, na meli ilikuwa upande wao. Kilwa ipewe chombo kingine.

#15 KoroshoGhafi

Nimeanza ya kwangu! Pantoni tu, kipimo kilekile. PVC kwa maji ya moto imekubali mara ya kwanza. Mkuu Fundi, ukimaliza utaipiga picha wapi?

#16 Fundi_Shangani

Hongera sana Korosho, weka picha tuone.

Nimeipigia hesabu. Kipimo ni 1:200. Meli halisi iliyo kilomita 1 kutoka kwako inaonekana ukubwa uleule wa modeli yangu ikiwa mita 5 kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo nikiiweka kwenye meza fupi ufukweni, mita 5 mbele ya simu, na kamera ikae chini kiasi kwamba mstari wa maji wa modeli ugusane na maji ya ghuba nyuma yake, itaonekana imetia nanga katikati ya ghuba ya Mtwara. Nilitaka gati liwe nyuma yake.

#17 Nahodha_Mstaafu

Gati acha. Bandari ina ulinzi, kupiga picha pale kunahitaji ruhusa, na si vizuri kijana akahojiwa kwa sababu ya modeli. Geuzia Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Ukiwa Shangani jioni jua liko mgongoni kwako, minazi ya ng'ambo inawaka, na maji yakijaa hutaona ule mchanga mtupu. Upepo wa jioni utulie kwanza, mawimbi madogo yataonekana kama milima kando ya meli yako.

#18 Fundi_Shangani

Nimekusikia Mzee, na nitafanya hivyo. Jumapili hii maji yanajaa mnamo saa kumi na moja jioni. Nimeazima meza ya muuza samaki. Walio mjini karibuni Shangani. Mwalimu, nawe usikose.

#19 Binti_Mikindani

Tutakuja na baba. Ila anauliza: meli imetia nanga na nanga yenyewe haionekani kwenye picha zako, wala cheni. Itasimamaje?

#20 Fundi_Shangani

Kweli kabisa, sijaifunga. Cheni ninayo, mkufu wa shaba wa binti yangu uliokatika, pete zake ni ndogo sana. Nanga mbili ninazichonga kwa kadi mbili zilizobandikwa pamoja. Mwambie baba nitakuwa nimezifunga Jumamosi usiku, na mapema Jumapili nitakutumia picha aikague kabla hamjapanda gari.